Aliyekuja Kuomba Moto Kwangu

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Nanyi mlioketi huko mlangoni sogeeni, maana sauti yangu si ya kuhubiri. Mzee wa kanisa ameniambia nisitaje jina la mtu. Sitataja. Wenyewe mnajijua.

Mume wangu mlimfahamu. Alirudi kutoka vita vya Waingereza na koti zuri na usingizi mbaya, mtemi akamwajiri awe askari wa baraza pamoja na wenzake aliotoka nao vitani. Mwanzoni tulikula vizuri, nisidanganye. Kisha wenzake wakaanza kuja nyumbani. Nikiingia na uji, wananyamaza. Nikitoka, wananong'ona. Mume wangu akaacha kucheka. Akawa anasugua vifungo vya koti mpaka vinang'aa, akimaliza anaanza tena.

Siku moja akasema, "Wapeleke watoto kwa mama yako."

"Kuna nini?"

"Mwanamke, nikikuambia jambo lazima uulize?"

"Siku zote nauliza."

Akarudi kwenye vifungo vyake. Ndugu zangu, nawaambia, niliogopa.

Asubuhi iliyofuata, kabla sijawapeleka, nikasikia ngoma ya mtemi. Mume wangu na wenzake walikuwa wamepanga kuliteka baraza, kuwaita watu kwa ngoma, kisha kumtangaza mwenzao mmoja awe mtemi. Baraza walilipata, karani aliruka dirishani. Lakini aliyeshika fimbo za ngoma ni mume wangu, na masikio yake yalikuwa yamezoea tarumbeta za jeshi. Akapiga haraka haraka, kwa nguvu zote. Sasa mnajua wenyewe: ya baraza hupigwa polepole. Ya haraka ni ng'ombe wameibwa!

Chekeni tu, hata mimi siku hizi nacheka. Hakuna aliyekwenda barazani. Wanaume walishika mikuki wakakimbilia malishoni, na huko ndiko alikokuwa mtemi, akitazama ndama wake. Mtu waliyetaka kumpindua akajikuta katikati ya mikuki ya watu wake. Waliporudi naye, wale askari walikuwa wamesimama peke yao uwanjani na bunduki zao, hawana wa kumtangazia. Mume wangu akaweka fimbo chini. Bwana shauri, yule Mzungu wa serikali, akaleta lori kutoka Singida, likawachukua.

Hapo ndipo yangu yalipoanza. Hakuna aliyenitukana. Afadhali mngenitukana. Nilipika togwa ya kuita watu tulime, ikachachia chunguni. Lakini kilichonivunja ni moto. Kwetu moto ukizimika unachukua kigae, unakwenda kuomba makaa kwa jirani. Mvua ilipoanza, niliwaona majirani wakipita mlangoni kwangu na vigae, wakienda kuomba mbali, ilhali moshi wangu wanauona. Mtu ambaye moto wake hauombwi amekwisha kufa. Nikafunga mizigo niwapeleke watoto Kilimatinde, wasikojulikana.

Asubuhi ya kuondoka, mtu akabisha hodi. Mama mzee, amelowa, kigae mkononi. Sitamtaja. Nasema tu kwamba mwanawe ndiye aliyezungukwa na mikuki siku ile.

"Moto wangu umezimika," akasema.

"Shikamoo mama. Lakini bomani kwako mioto ni mingi."

"Nimekuambia umezimika. Utanipa, au utaniacha nilowe?"

Nikachota makaa kwa haraka, moja likaniangukia mguuni. Kovu ni hili. Akapita nayo katikati ya kijiji, polepole, akiyafunika kwa upande wa kaniki yake, kila mtu amwone. Jioni walikuja wengine wawili na vigae. Mizigo nikaifungua.

Mama, popote ulipoketi humu, asante. Nanyi mliokuja baadaye kwa aibu, asanteni pia. Aliyechelewa naye amefika. Funzo langu ni dogo: usimzimie mtu moto kwa kosa la mwenzake.

Nimalize, naona mzee wa kanisa anatazama jua. Kifungo cha mume wangu gerezani kimekwisha. Anakuja kwa treni mpaka Manyoni, kisha kwa miguu. Nasikia wiki hii vijana wananoa mikuki, wanasema ni ya fisi. Sawa. Mimi leo asubuhi nimeuzima moto wangu kwa mkono wangu mwenyewe. Akifika nitampa kigae, nimwambie akaombe moto. Nyumba sitamchagulia. Atabisha hodi kwa mmoja wenu.