Mume Aliyerudi Mara Tatu

TWAIBA: Haloo? Nani mwenzangu?

HAFSWA: Ni wifi yako, Hafswa. Namba yangu umeifuta, ama unanijaribu?

TWAIBA: Shikamoo wifi. Simu hii kioo kimepasuka, majina siyaoni.

HAFSWA: Marahaba. Hujambo huko Munje?

TWAIBA: Sijambo, alhamdulillahi. Huko Kwale wanafunzi wamekuacha upumue?

HAFSWA: Wako mapumziko. Nimekaa nyuma ya jiko la shule na riwaya yako. Madaftari yote manne nimeyamaliza.

TWAIBA: Yote?

HAFSWA: Yote. Hata ile orodha ya vitunguu na sabuni katikati ya harusi.

TWAIBA: Ah, hiyo iruke tu, niliandika nikiwa —

HAFSWA: Nilidhani ndiyo mahari.

TWAIBA: Wifi, usinizungushe. Ni mbaya?

HAFSWA: Ni nzuri, lakini imevurugika. Mama mkwe ana miaka hamsini sura ya pili, sura ya saba ana arubaini na mbili. Dawa hiyo nipe na mimi.

TWAIBA: [Anacheka] Nitarekebisha.

HAFSWA: Halafu huyu mume, Othman. Ukurasa wa themanini amekuwa Mahir.

TWAIBA: Kalamu iliteleza.

HAFSWA: Imeteleza kurasa kumi na moja, Twaiba.

TWAIBA: Mkono umelizoea jina la mume wangu, nifanyeje? Ndugu yako yuko Doha, hatashtaki —

HAFSWA: Haloo? Unakatika.

TWAIBA: Nimesogea mlangoni. Sasa je?

HAFSWA: Sasa nakusikia. Lililonishinda ni hili. Mume anakwenda kazini Uarabuni sura ya nne. Sura ya sita amerudi. Sura ya tisa amerudi tena, wala hukusema aliondoka lini. Sura ya kumi na mbili huyo mlangoni, na sanduku lile lile. Msafiri gani huyu, kazi yake kufika tu?

TWAIBA: Nilikuwa natafuta namna nzuri ya kumrudisha. Mara ya kwanza alikuja na mvua, nikaona amelowa bure. Mara ya pili akanikuta nimelala —

HAFSWA: Akakukuta?

TWAIBA: Akamkuta mkewe. Mtandao huo.

HAFSWA: Haya, mtandao.

TWAIBA: Wewe ndiye mwalimu, nichagulie. Nibakishe sura ipi?

HAFSWA: [Kimya]

TWAIBA: Wifi? Umepotea?

HAFSWA: Nipo.

TWAIBA: Mimi naipenda ile ya mwisho.

HAFSWA: Zitoe zote tatu.

TWAIBA: Zote? Sasa atarudi vipi?

HAFSWA: Twaiba...

TWAIBA: Mahir amekupigia simu.

HAFSWA: Jumatatu. Nilimwambia akupigie mwenyewe, asinitume mimi. Nimengoja, leo Alhamisi.

TWAIBA: Hajapiga. Ana mtu huko Doha?

HAFSWA: Twaiba, mimi —

TWAIBA: Usijibu, nimeelewa. Na kurudi?

HAFSWA: Amesema tusimtazamie.

TWAIBA: Ndiyo maana umemaliza madaftari manne kwa siku tatu.

HAFSWA: Nilianza kuyasoma nikitafuta pa kuanzia kukuambia. Kisha hadithi ikanichukua, nikasahau nilichokuwa natafuta.

TWAIBA: Kengele hiyo yalia, nenda darasani.

HAFSWA: Iache ilie. Sikiza. Sura nzuri kuliko zote ni ya kumi, pale mke anapokwenda Msambweni peke yake kununua cherehani, anabishana na muuzaji mpaka anaongezewa na kiti. Mume hayumo hata kwa jina. Nilicheka mpaka mwalimu Katana akaja kuniuliza kama mimi ni mzima.

TWAIBA: Ile niliiandika asubuhi moja tu. Sikufuta neno.

HAFSWA: Inaonekana.

TWAIBA: [Anapenga kamasi] Na huyo mke, unampenda? Sema kweli.

HAFSWA: Nampenda kuliko ndugu yangu.

TWAIBA: [Anapenga kamasi tena]

HAFSWA: Salio linakwisha. Jumamosi nakuja, nitalala kwako.

TWAIBA: Uje na kalamu nyekundu. Nitapika samaki wa kupaka, tuanze sura ya kwanza.

HAFSWA: Inshallah. Na ule kitu sasa hivi, usikae na njaa.

TWAIBA: Hafswa...

HAFSWA: Sema haraka.

TWAIBA: Nikishamtoa yeye, wewe nitakuita nani?

HAFSWA: Uniite vingine uone kama nitaitika. Mimi ni wifi y—

TWAIBA: Haloo? Haloo, wifi?

[Simu imekatika.]