Kanzu ya Hortense, na Miaka Ishirini na Nane ya Mama Julienne

Leo Jumapili, tarehe 29 Aprili 1962, Mama Julienne Mulenga anamaliza kazi. Kwa miaka ishirini na nane amefua nguo za altare za parokia yetu hapa Élisabethville, pamoja na kanzu nyeupe za wabatizwa. Masista walinipa mimi kuandika shukrani hizi kwa sababu ninasoma Kifaransa na Kiswahili, na kwa sababu, walisema, maneno yangu hutoka vizuri kwenye karatasi kuliko mdomoni.

Alifika mwaka 1934, mjane kijana kutoka Kipushi, na pasi moja ya makaa. Alfajiri alitundika kanzu kwenye kamba nyuma ya sakristia. Nilipokuwa mdogo niliziona zikijaa upepo, mikono ikiinuka yenyewe, bila mtu ndani, nikafikiri ndio waliofufuka, wanangoja tu kuitwa majina. Hata sasa nikifunga macho ninaziona. Pasaka moja Mama alizidisha bulu ya kufulia, na wabatizwa wote wakaingia kanisani na rangi ya mbingu. Padri alicheka kuliko sisi.

Kila kanzu ina kitambaa chake cha kichwa, naye alikikunja kivyake, kando. Tulipomuuliza, alisema: « Yoane aliandika vile, mu kaburi kitambaa cha kichwa kilikunjwa kando. Mwizi hakunji vitambaa. Yesu alitoka mu kaburi pole pole, kama muntu mwenye kwenda kazi. Sasa siye tumufwate, ao tubakie kuangalia kaburi? »

Mwaka jana, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni, nilibatizwa nimesimama kando ya Hortense, jirani yetu, Muluba wa Kasaï. Kanzu hurudishwa kisha juma mbili. Kabla ya siku hiyo nyumba za Wakasaï zilianza kuchomwa, watu wa hapa wakisema warudi kwao, na Hortense na watu wake wakakimbilia kampi inayolindwa na askari wa ONU, Umoja wa Mataifa. Ndoano ya kanzu yake mu kabati ikabaki tupu. Sista akasema tushone nyingine. Mama akakataa.

Jumamosi iliyofuata alijifunga kitambaa, akashika njia. Wanawake wa bombani wakamwita: « Mama Julienne, unaenda kufwata nguo ao kufwata lufu, kifo chako? »

« Nafwata muntu, » akajibu. « Nguo itakuja nyuma. »

Kampi ina maelfu ya watu. Miezi saba, kila Jumamosi, alipita kati ya vibanda vya magunia akiita jina moja.

Hapa lazima niungame. Mimi nilijua. Mwezi wa tisa, Laurent, kaka wa Hortense, alinitumia neno: tuko kando ya tangi kubwa la maji. Nyumbani tulikatazwa kutaja jina la Mkasaï. Padri alipouliza kanisani nani anajua Hortense alipo, niliangalia viatu vyangu. Nilimwona Mama akirudi, vumbi mpaka magotini, nikanyamaza tena.

Jumamosi kabla ya Jumapili ya Matawi nilimwambia, yeye akiwa kwenye meza ya pasi. Alilowesha kidole, akagusa pasi kuona kama ina moto, kisha akaiweka chini. « Petro alikana mara tatu, » akasema. « Weye ulinyamaza tu. Vaa viatu. »

Tulimkuta Hortense kando ya tangi. Kanzu ilikuwa imefunika mtoto wa kiume wa siku nne. Hortense akaanza kuomba radhi kwa sababu ya madoa.

« Acha, » Mama akasema. « Iko mu kazi yake. » Akachukua kile kitambaa cha kichwa, akakikunja vizuri, akakiweka chini ya kichwa cha mtoto.

Mama anakwenda Kasungami, kwenye shamba lake la mihogo. Parokia nzima inamshukuru. Wewe utakayepokea funguo za kabati, ndoano ile ya Hortense usiitundikie kitu.

Mama Julienne, upumzike vizuri, mikono yako isilowe tena ila kwa mvua. Leo saa tisa Padri anakwenda kampini kumbatiza mtoto wa Hortense, na marraine, mama wa ubatizo, ni mimi. Ataniuliza jina la mtoto. Nitalisema kwa sauti, ulisikie hata ukiwa njiani.