Mashine Niliyoambiwa ni Nzuri

Sikilizeni wanangu, Otto na Brigita, na wewe Athanasi mdogo wangu uliyesimama mlangoni, keti. Niinueni kidogo. Daktari kasema nipumzike. Nitapumzika sana tu, haraka ya nini?

Shamba la Mpitimbi gawaneni sawa, sina maneno hapo. Neno ni karakana ya Majengo. Nimeishi kwa kubuni vitu ambavyo havikuwapo, ukoo mzima ukanicheka, na sijutii hata msumari mmoja.

Mashine yangu ya kwanza ya kupukuchulia mahindi niliwapelekea akina mama wa Mpitimbi, nikauliza, jamani, ikoje? Wakapiga magoti: shikamoo baba, nzuri sana, asante. Nikachomelea nyingine za namna ileile, na baada ya mavuno nikakuta kuku wanatagia ndani. Watu wetu hawamwambii mgeni kwamba alicholeta ni kibovu. Wanaona watakuwa wamemtukana.

Tangu hapo siulizi. Naunda moja tu, ya mbao na mabati mabovu, namwachia mtu msimu mzima, kisha naenda kutazama amefunga wapi kitambaa na amekata wapi. Hapo ndipo palipomuuma, na hapo ndipo ninapoanza kuchora upya.

Otto, unachora kwenye kompyuta vizuri kuliko mimi, sikatai. Lakini umewapitishia watu maswali, wote wakajibu nzuri, na sasa unataka kuagiza mashine lori zima. Thubutu!

Haya, niambieni. Hii yangu ya mwisho, hapo chini ya dirisha, ina ubaya gani? Haina, Otto? Asante, una adabu. Athanasi naye anatikisa kichwa. Brigita? Sema kwa sauti, mama. Mpini mfupi? Bega linawaka moto kabla debe halijajaa?

Athanasi, usimnyamazishe! Hajanivunjia heshima. Karakana nampa yeye, na kama ukoo hautaki kumwona mwanamke akichomelea vyuma, ukoo ufumbe macho. Otto, utamchorea dada yako, naye atakukosoa, nawe utafuta na kuchora tena bila kununa.

Sogeeni niwabariki. Mkono umekuwa mzito... uinue wewe, Brigita. Mungu awape afya, awape... watu wasiowaogopa. Msilie, bado naongea. Ule mpini... urefushwe kiasi gani, mwanangu? Sogeza kidole... nionyeshe.