Mama Godelive, Aliyeshusha Dawa Hadi Kyavinyonge

Tarehe 30 Juni 2006, nchi ikisherehekea uhuru wake, Mama Godelive Kahongya naye anapata wa kwake. Anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya uuguzi katika kituo chetu cha afya, hapa Musienene. Mimi Mathe wa maabara nimepewa kazi ya kuandika haya, nadhani kwa sababu ndimi niliyecheka naye zaidi.

Alianza chumba cha wazazi mwaka 1975. Vijana wengi wa soko letu walipokelewa na mikono yake, na mpaka leo huwakemea njiani kana kwamba wamezaliwa jana.

Wakati wa vita, mdogo wake Rébecca aliugua UKIMWI, ambao hapa tunauita SIDA. Dawa zilikuwa ng'ambo ya mpaka, kwa wenye uwezo. Rébecca alifariki mwaka 2001. Matanga yalipokwisha, Mama Godelive alimwambia daktari wetu: "Hii dawa itafika kwetu. Habari ya barabara mubaya, hapana niambie."

Upimaji wa ugonjwa huo ulipoanza kituoni, watu waliogopa kuonekana wakiingia chumba cha kupimia. Mama akauhamishia pale pale tunapopima watoto uzito, isijulikane nani kafuata nini. Siku moja ya soko ulivuma uvumi kwamba tunagawa sabuni. Mstari ukafika barabarani, mchungaji akiwemo, akidai amepita kusalimia. Mama akatangaza kwamba sabuni hakuna, iko kupimwa damu tu. Watu walicheka, na wengi wakabaki. Mchungaji alibaki pia.

Mwaka jana, dawa zikiwa zimeshafika kituoni kwetu, mapigano yalifunga njia ya ziwani. Huko Kyavinyonge, kando ya ziwa, mvuvi Maliro na wenzake walikuwa wanaishiwa vidonge. Mama alishuka kwa miguu pamoja na wanawake wachuuzi wa samaki, dawa zikiwa ndani ya kikapu chake. Kwenye bariera, kizuizi cha njiani, askari wakakishika na kuanza kukipekua.

"Mama, mule muko nini?"

"Dawa ya SIDA. Bagonjwa banaingojea."

Mikono yote ikatoka kikapuni mara moja! Askari mmoja tu alimsogelea, akauliza polepole: "Na siye baaskari, munatupimaka?"

"Tunapimaka kila mutu. Lakini bunduki hapana kuingia."

Askari huyo alikuja kituoni baadaye, bila bunduki, amevaa shati la kanisani. Majibu yake hayahusu programu hii ya sherehe. Maliro naye alipata vidonge vyake kwa wakati, na samaki mtakaokula leo amewavua mwenyewe.

Kwa wiki nzima wagonjwa wamekuwa wakimvuta Mama pembeni na kumuuliza kama dawa nazo zinastaafu. Hapana. Jumatatu asubuhi mlango utafunguliwa na muuguzi Providence, aliyefundishwa na Mama mwenyewe, na dawa zitakuwepo.

Aksanti sana, Mama. Nenda ukalime maharagi yako kwa amani, na asubuhi ulale mpaka utakapochoka kulala.