Fundi Asiyekosa Kitu

Benchi la mbele ya kibanda cha fundi viatu lina miguu minne, na mmoja ni tofali. Limebanwa kati ya kinyozi na duka la fotokopi, na hapo ndipo wenyewe huichambua dunia kila siku, chupa moja ya kahawa ikizunguka na vikombe vitatu kwa watu wanne. Sheria ya benchi ni moja na haijaandikwa popote: mteja akija kumuulizia fundi yeyote wa hapa, jibu ni kwamba anajua kila kitu. Fundi viatu hajawahi kushona begi la safari? Huyo ndiye mwenyewe. Kinyozi hajawahi kushika kichwa cha mtoto mchanga? Hana mpinzani. Benchi likishakupigia debe, kazi utajifunzia hukohuko, jasho likikutoka. Sheria hiyo imewalisha miaka mingi, na siku hiyo nusura imponze Brashi.

Brashi ndiye mchoraji wa mabango, dada mwenye rangi kwenye kucha hata siku za mapumziko. Alikuja na fomu kwenye bahasha. Kuna taasisi ya sanaa inafadhili wasanii chipukizi wakajiendeleze: miezi mitatu kwenye karakana ya mchoraji mkongwe, gharama zote juu yao. Sharti uwe hujamaliza miaka mitano kazini, na yeye yake inatimia mwezi ujao. Mwaka jana aliomba akakosa. Leo ndiyo siku ya mwisho, ofisi inafunga saa kumi, na sasa ni saa nane na nusu. Alikuwa amepiga moyo konde: piga ua, fomu hii inafika leo.

Kalamu alikabidhiwa Profesa, mwenye fotokopi, ambaye hajasoma kuliko wenzake ila ana miwani na mwandiko unaosomeka. Jina, umri, anuani, vyote vikapita vizuri. Kwenye kisanduku cha saba akasimama, akasoma kwa sauti.

— "Eleza upungufu ulio nao katika kazi yako."

Benchi likatazamana, kama watu waliotukanwa.

Wembe, ndiye kinyozi, alikuwa wa kwanza kusema.

— Mtego huo. Mtu anataka kukupa kitu, halafu anakuuliza ubaya wako? Ukishaandika, wanampelekea mpinzani wako.

— Mpinzani gani? Brashi akauliza. Mtaa mzima nachora mwenyewe.

— Ndiyo hatari yenyewe. Hujamjua bado.

Kisigino, mwenye kibanda, akatoa misumari mdomoni ili aongee vizuri. Yeye aliona jambo ni kubwa zaidi. Kwa maelezo yake kuna ofisi mahali fulani, ghorofa nzima, kazi yao ni kukusanya mambo ambayo watu hawayajui. Wakishamaliza wasanii, wanahamia kwa mafundi viatu.

— Wanayafanyia nini? Wembe akauliza.

— Wanayaweka. Siku mkigoma, wanayatoa.

Profesa akapangusa miwani. Akasema hao wenzake wanawaza kitoto. Kwa kadiri anavyofahamu yeye, mchoraji mkongwe mwenyewe amesahau kuchora, umri umekwenda, na hizi fomu ndizo anazojikumbushia. Vijana elfu wanataja wasichokijua, mzee anapitia kimoja kimoja, anapata masomo yote bure.

Wakabishana hapo robo saa nzima, kahawa ikipungua. Brashi alijaribu kuingia mara mbili. Jibu la kisanduku cha saba alikuwa nalo, na halikuwa geni. Alikuwa nalo tangu bango lake la kwanza. Lakini kulisema mbele ya watu waliompamba miaka yote hii kulimtia aibu, aibu ya kweli, ya kuungua masikio. Akabaki kukwangua rangi kwenye kucha, na hapo ndipo Profesa alipokata shauri. Akaandika kwa wino, herufi nzuri za kulala: "Hana upungufu wowote. Anajua kila kitu."

— Hapo umemaliza, Wembe akasema.

— Ongeza na "kabisa," Kisigino akasema.

Profesa akaongeza.

Ndipo akafika mama mmoja ambaye hakuna aliyemfahamu, anachechemea, kiatu kimoja mkononi, mkanda umekatika. Walimsogezea nafasi. Kwa kuwa fomu ilikuwa magotini pa Profesa, macho ya mama yakaangukia pale pale.

— Samahanini, akasema. Si zinaombwa pesa za kwenda kufundishwa?

— Ndizo.

— Sasa kama anajua kila kitu, anaenda kufundishwa nini?

Wembe akageukia chupa ya kahawa. Profesa akavua miwani, kana kwamba jibu lingeonekana vizuri bila kioo. Kisigino akarudisha misumari mdomoni. Walijua mpaka siri za ghorofa nzima, na mwenye kiatu kimoja amewashinda kwa swali moja.

Brashi akasimama.

— Mikono, akasema. Sijui kuchora mikono.

Hakuna aliyeelewa, ikabidi awaonyeshe. Kwenye bango lake juu ya mlango wa Wembe kulikuwa na kijana aliyenyolewa vizuri, shuka imemfunika tangu shingoni hadi kiunoni, mikono ndani. Kwa fundi cherehani ng'ambo ya barabara, bibi arusi kaficha mikono nyuma ya gauni. Kwenye duka la dawa, daktari kaitia mfukoni. Mtaa mzima ulikuwa wa watu wasio na mikono, miaka mitano, na wote walidhani ndiyo mitindo yake.

— Na mimi nikajua daktari ana maringo, Wembe akasema taratibu.

Brashi hakucheka. Alichukua kalamu, akapiga mstari juu ya maneno ya Profesa, na pembeni akaandika mwenyewe, kwa mwandiko wake wa hovyo, kwamba hawezi kuchora mikono na anataka kuiweza. Kisha akachukua karatasi nyeupe na penseli.

— Kaka Kisigino, weka mkono hapo kwenye goti. Usitikisike.

Alichora mbele yao wote, masikio yakiwaka. Kidole gumba kiligoma, akakifuta, kikagoma tena. Saa tisa na robo ilipofika hakuwa na muda wa kufuta.

Wembe akainama kuangalia.

— Huu mkono au mkungu wa ndizi?

— Ndiyo maana naomba, Brashi akasema, akaubana mchoro kwenye fomu.

Alikuwa anafunga bahasha aliposikia yule mama akiuliza kama fundi ataweza mkanda ule, maana una kifungo cha ajabu. Wembe na Profesa wakavuta pumzi kwa pamoja, sheria ikiwa ulimini. Kisigino akawatangulia. Alikigeuza kiatu mara mbili, akakitazama chini na juu.

— Cha namna hii sijawahi, mama, akasema. Kaa, nijaribu.

Brashi akamimina kahawa ya mwisho, akainywa kwa mkupuo ingali ya moto, akaondoka mbio kabla ofisi haijafungwa.