Nilijaribu Mashine kwa Ufuta

Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo? Waislamu na Wakristo mliomo humu ukumbini, amani ya Mungu iwe nanyi nyote. Mimi natokea Chiola, kule Nachingwea. Nimeitwa hapa Ruangwa kwa sababu vikundi vyenu vya korosho vinajiandaa kununua mashine. Mwenyekiti wenu alinipigia akasema, "Dada, njoo uwape ushuhuda." Nikamwambia nitakuja, ila ushuhuda wangu ni wa aibu. Majina ya watu sitataja. La kwangu mnalo tayari, na hilo linawatosha kunicheka.

Kikundi chetu ni cha wanawake. Tunapika korosho kwa mvuke, tunazibangua kwa mashine za mkono, tunazikausha mpaka lile ganda jembamba la ndani litoke, tunachagua nzima na vipande, tunafunga. Zamani tulikuwa tunafunga kwa mfuko wa nailoni na mshumaa. Mnacheka! Na nyie si ndivyo mnavyofunga? Zikikaa wiki chache zinalegea, zinanuka mafuta ya kale. Mnunuzi akatuambia tutafute oveni ya maana na mashine ya kufyonza hewa, ile inayotoa hewa yote mfukoni halafu inauziba. Basi wenzangu wakanichagua mimi niende Mtwara nikachague. Kwa nini mimi? Kwa sababu nimefika kidato cha nne, na kwa sababu nina mdomo. Huo mdomo ndio ulioniponza.

Ulikuwa msimu wa kuvuna ufuta, korosho ghalani hakuna hata moja. Mwenzenu nikatia kilo ya ufuta kwenye mkoba, nikapanda gari. Dukani muuzaji, kijana mpole tu, akaniuliza, "Mama, unafunga nini?" Nikasema korosho. "Umekuja nazo tujaribie?" Nikamtolea ufuta. Akautazama, akanitazama. "Mama, huu ni ufuta." Nikamjibu, "Kijana, yote ni mazao, wewe weka."

Akaweka. Jamani! Mashine ilivuta ile hewa mpaka mfuko ukawa mgumu kama tofali. Nikaugonga mezani, ko, ko! Moyo ukafurahi. Kijana hakuchoka, akanionyesha nyingine yenye saa ndogo ya mshale juu yake na kitufe pembeni. Akasema, "Hii unaweza kupunguza inavyovuta." Nikamuuliza, "Nipunguze ya nini? Mimi nataka yenye nguvu." Oveni nayo nikachagua hivyo hivyo. Niliuliza inaingia trei ngapi, basi. Sikuuliza joto linapimwa wapi, wala hewa inazungukaje mle ndani. Nilirudi Chiola wakanipokea kwa vigelegele, na kichwa kikavimba.

Msimu wa korosho ukaingia, tukafanya kazi kwa furaha. Mzigo wa kwanza ukaenda. Haukupita muda, maboksi yakarudi yote. Mnunuzi kafungua mifuko, kakuta nusu na vipande, wakati sisi tulimwandikia korosho nzima. Akatuambia tukirudia tena, tusimpigie simu.

Sasa ndugu zangu, hapa ndipo ninapoona haya. Pale kikundini kuna mama mmoja mtu mzima, mbanguaji wa siku nyingi, mikono yake myeusi kwa utomvu wa ganda. Huyo mama ndiye kungwi wangu. Nilipokuwa mwali yeye ndiye aliyenifunda. Nanyi watu wa huku mnajua kungwi ni nani, sina haja ya kueleza. Mimi, mbele ya wanawake wote, maboksi yamerundikana uani, nikasema, "Kuna mikono hapa imezeeka. Inavunja korosho, inatuharibia." Jina sikulitaja, lakini nilikuwa namtazama yeye.

 Alisimama, akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza ya kubangulia. Kesho yake tukasikia kaenda Nanganga kwa binti yake. Wabanguaji wengine nao wakaanza: huyu anaumwa mgongo, huyu ana msiba, huyu kimya tu. Tukabaki watano kwenye kikundi kizima. Tukaanza kusemezana kwamba bora turudi kuuza korosho ghafi kama wazazi wetu, tuachane na haya mambo.

Mnadhani nilijuta? Wapi! Nilitaka kuthibitisha kwamba nilisema kweli. Asubuhi moja, kabla kelele za kubangua hazijaanza, nikaingia chumba cha kufungia peke yangu. Nikachagua korosho nzima, moja moja, kwa mkono wangu, nikizigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Nzima, safi, nyeupe. Nikasema nitazifunga hizi, nitazibandika ukutani, kila mtu aone korosho iliyobanguliwa vizuri inavyofika salama. Nikaweka mfuko kwenye mashine, nikashusha kifuniko. Ikavuta. Nikasikia, ta. Ta. Ta, ta.

Nikaufungua mfuko. Nusu. Vipande. Nimezichagua mwenyewe, jamani, nimeziweka mwenyewe!

 Nikafunga mfuko mwingine, ikawa vile vile. Nikakaa chini sakafuni. Nawaambia kweli, kwa kuwa nimekuja kusema kweli: wazo la kwanza lilikuwa kunyamaza. Hakuna aliyeona. Ningemwaga vile vipande, ningesema mashine imekufa, tukanunua nyingine, na yule mama angezeeka huko Nanganga na sifa mbaya niliyompa mimi. Nusu saa nzima niliipigia hesabu hiyo. Kisha nikakumbuka ile aproni ilivyokunjwa, nikalia.

Nikachukua bodaboda mpaka Nanganga, vile vipande nimevifunga kwenye pindo la kanga. Nilimkuta uani anapepeta mahindi. Nikapiga magoti, "Shikamoo mama." "Marahaba." Hakusema karibu. Nikafungua pindo, nikamwonyesha, nikamweleza yote: ufuta, muuzaji, kitufe nilichokikataa. Alisikiliza ungo ukiwa mkononi.

Akauliza, "Uliijaribu kwa ufuta?"

"Kwa ufuta, mama."

"Wewe mtoto wewe! Ufuta una nini cha kuvunjika?" Akaanza kucheka. Mimi nalia, yeye anacheka mpaka ungo ukamponyoka. Kisha akaacha kucheka, akanitazama usoni. "Uliponitukana tulikuwa wangapi pale?" Nikamwambia tulikuwa wote. "Basi wakiwepo wote, ndio uniombe radhi. Hapa Nanganga hukunikosea."

Nikapita nyumba kwa nyumba kuwaita wale walioondoka. Wakaja, nadhani zaidi ni kwa umbeya. Naye akaja. Nikasimama uani, pale pale, nikasema, "Mikono ya mama haikuvunja hata moja. Ni mashine niliyoichagua mimi, kwa ujuaji wangu." Nikaziweka korosho nzima mbele yao, mashine ikavuta, wakasikia wenyewe. Yule mama akaenda mezani, akachukua aproni yake, akaivaa. Akakaa kwenye mashine yake ya kubangulia.

Ndipo tukamwita fundi wa mafriji wa Nachingwea mjini. Wengine walishangaa, friji na korosho wapi na wapi? Lakini fundi wa friji kazi yake ni hewa, joto na baridi. Alitega vipimajoto viwili kwenye oveni yetu, kimoja trei ya juu, kingine ya chini. Juu kunaungua, chini bado mbichi! Akasema feni ni ndogo, hewa haizunguki, na hakuna kidude cha kuzima moto joto likifika panapotakiwa. Kwa hiyo korosho za juu zilikuwa zinakaushwa kupita kiasi, zinakuwa za kukatika tu, halafu zinakutana na mashine inayovuta bila huruma. Oveni tuliiokoa kwa feni kubwa na kidhibiti joto. Ile mashine ya kufungia akaitazama, akatikisa kichwa, "Mama, hii haina breki."

Tukaibadilisha. Safari ya pili Mtwara sikwenda peke yangu, nilikwenda na kungwi wangu, korosho zetu wenyewe kwenye kapu. Muuzaji yule yule! Aliponiona akauliza, "Leo umeleta ufuta?" Nilitamani ardhi inimeze. Mama akaketi kwenye kiti cha mteja, akafungisha mfuko wa kwanza, wa pili, wa tatu, akimwambia kijana apunguze kidogo, aongeze kidogo, huku anautazama ule mshale. Kila mfuko aliufungua akahesabu nzima. Alipotosheka akasema, "Hii." Mimi kazi yangu ilikuwa kubeba kapu.

Mzigo uliofuata mnunuzi aliupokea wote, na hadi leo anatupigia simu yeye. Wabanguaji wamerudi, na wapya wameongezeka. Namshukuru Mungu. Namshukuru fundi aliyekuja kwa pikipiki na vipimajoto mfukoni. Namshukuru na kijana wa dukani, aliyeniambia ukweli mapema nikamfunga mdomo. Nawashukuru na wenzangu waliokubali kurudi pale uani, maana wangeweza kuniacha na mashine yangu.

Nyinyi mnaokwenda kununua, msiulize ukubwa, wala msipumbazwe na nguvu. Ulizeni joto linapimwa wapi na nani analizima. Ulizeni hewa inapita wapi. Ulizeni kama mnaweza kupunguza. Na nendeni na korosho zenu hasa zile mtakazofunga, na mbanguaji wenu aende, akae kwenye kiti. Kitu kikiharibika, kabla hujatazama mikono ya mwenzio, kijaribu kwanza kile ulichokichagua wewe.

Nimekuja na mfuko mmoja, tuliufunga juzi. Umetoka Chiola kwenye gari la abiria, na barabara yetu mnaijua. Nilisema sitataja majina, na sitaji. Ila mama mmoja aliyekaa kule nyuma, mwenye kanga ya kijani, anayejifanya hanisikii, naomba apite mbele. Njoo mama. Shika mkasi. Ufungue wewe, uwahesabie wenzetu.

Enhe? Ngapi zimevunjika?

Hakuna hata moja! Mmemsikia wenyewe.