Papai la Yared

Benchi letu liko Magomeni, Kilosa, mbele ya kibanda cha Kornelio fundi baiskeli, ambaye kwa wingi wa maneno tulimbatiza Spika. Kahawa anamimina Elineema, na ukichelewa unakunywa mashapo. Jumamosi hiyo hakuna aliyegombania kikombe. Yared, mwenzetu wa benchi hili hili, mgonjwa wa kisukari, alikuwa amebebwa jana alfajiri hajitambui. Tulishtuka vibaya mno, maana kama kuna fukara aliyepata bahati Kilosa nzima, ni yeye. Kliniki ilimpa kadi, na kila Jumatatu Rebeka, mke wake, anachukua sokoni kikapu cha mboga na matunda, bure kabisa. Mimi nilidhani habari ya ugonjwa imekwisha.

— Mimi ndiye niliyembeba, alisema Goodluck wa bodaboda, tunayemwita Gia. Daah! Kile kimashine cha kupima sukari kiligoma kusoma. Imepitiliza!

— Sasa yuko wapi? nikamuuliza.

— Jioni nimemrudisha kwake. Ila kidole cha mguu kimeanza kuwa cheusi. Daktari kasema ale mboga, aachane na wanga na vitamu. Sukari isiposhuka mpaka Jumatatu, wanakata.

— Wanakata nini? akauliza Spika.

— Kidole, mzee. Kidole!

Spika aliweka kikombe chini.

— Haiwezekani! Zile mboga nimezila mimi mwenyewe. Jumanne nilikwenda kumwona, Rebeka akanipakulia mchicha na matembele, nikafuta bakuli. Mbona mimi sijaanguka?

— Kimashine kibovu hicho, akasema Casmir. Huyu ni fundi cherehani, jina lake la benchini Kipimo. — Futi yangu iliwahi kuvutika, wateja wote wakawa wembamba. Kipimo kikidanganya, mzima anaitwa mgonjwa. Mimi Jumatano nimekula machungwa pale kwa Yared mpaka nikalegeza mkanda. Niko fiti!

— Kimashine hakina kosa, akasema Gia. Kosa ni mboga. Si zinatoka njia ya Mikumi? Tembo usiku wanavamia miwa. Wakishiba wanashukia bustanini, wanakunya kwenye mchicha. Mchicha unafyonza ile sukari ya miwa.

— Tembo? nikamuuliza.

— Tembo akinya ni debe zima, kaka! Wahenga walishasema, mtoto wa nyoka ni nyoka.

— Acha utoto, Gia! Spika alikuwa amesimama sasa. — Huu ni mpango wa wakubwa. Wenye dawa wanayachoma mapapai sindano za sukari ili wateja wasiishe. Ndiyo maana kikapu ni cha bure. Maji yakimwagika hayazoleki!

Hapo nikapandwa na hasira.

— Sindano gani? Papai la Alhamisi nimelila mimi, nusu nzima, na usingizi nikalala. Wala sikwenda mikono mitupu, nilibeba mkate.

— Na mimi kilo ya sukari, akasema Spika. Semeni ukweli, nani anamjali Yared kama benchi hili? Hakuna siku amekosa mgeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Apone! tukaitikia wote. Nilijiona mtu mwema sana.

Ndipo Rebeka akatokea, kanga begani, macho mekundu ya kukesha. Gia aliruka kutoka kwenye pikipiki.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu. Mungu akulipe kwa jana. Hamjambo, shemeji zangu?

— Hatujambo, shemeji. Pole sana na mgonjwa. Karibu ukae.

— Sikai, nimemwacha peke yake. Nina swali dogo tu. Mboga za wiki hii zimekwisha na matunda yamekwisha, mpaka Jumatatu. Limebaki papai moja. Yared kanikataza nisimmenyee. Anasema yeye atakula ule mkate wa shemeji na chai, maana ni aibu mgeni akute nyumba tupu. Sasa leo anakuja nani, nijue namkatia nani?

Elineema alikuwa anamimina, kahawa ikajaa kikombe cha Spika, ikafurika, ikamchoma vidole, naye Spika akazidi kukishikilia. Kipimo alishika futi yake shingoni kwa mikono miwili. Gia aliangalia tairi. Mimi nilijikuta natazama miguu yangu ndani ya ndala, vidole vyote vipo, vizima.

Rebeka akatutazama mmoja mmoja, akisubiri.

— Jamani, kwani leo haji mtu?